Kumwogesha Mgonjwa Kitandani

Mjinga wa siku ile alikuwa Masele mwenyewe, wala hakusukumwa na mtu. Alitia mkono kwenye kofia ya mtahini, akatoa kikaratasi, akakikunjua, akakisoma kwa kutembeza kidole, kisha akacheka kwa sauti mbele ya watu wazima. Kikaratasi kilisema: Kumwogesha mgonjwa kitandani. Akakiinua juu kama mtu ambaye kundi lake la ngoma limeshinda ng'ombe wa mashindano.

Alitarajia wenzake wacheke naye. Wahudumu walikuwa wamejipanga kwenye baraza ya kituo cha afya cha Mwakilangi, wote wamevaa kaki zilizopigwa pasi ya mkaa, na wote walimtazama, kisha wakatazama sakafu. Sista Apolonia, mkuu wa wauguzi, aliyekuwa amesimama mlangoni na bunda lake la funguo, alifumba macho kama aliyeingiwa na vumbi. Masele akadhani wanamwonea wivu. Akakikunja kikaratasi chake vizuri, akakitia mfuko wa shati, akaupigapiga mfuko.

Ikabidi Marcelo, rafiki yake wa wodi ya wanaume, amsogelee.

"Masele," alimwambia taratibu, "kituo kizima leo kina mgonjwa mmoja tu asiyeweza kuinuka."

Kicheko kilimkauka mdomoni, meno yakabaki nje. Mgonjwa huyo alikuwa mama mkwe wake.

Lakini mtu asimcheke kabla ya kujua jinsi alivyokuwa ameuhenyekea mtihani ule. Masele alianza kazi ya uhudumu wa wodi enzi ambazo kazi ilitaka mtu ajue kusoma na awe na mgongo mzuri. Vyote alikuwa navyo, mgongo zaidi. Alifagia, alipiga deki, alimwaga vyombo vya haja, alibeba wagonjwa kutoka kwenye mikokoteni, na waliokufa aliwafunga taya kwa kitambaa kabla ndugu hawajaingia. Akaoa, akazaa, akajenga kijumba cha bati nyuma ya kituo, akaanza kujiona mtu wa serikali. Kisha serikali ikatangaza kwamba watu wake ni wengi mno. Likaja neno kutoka wilayani kwamba wahudumu wote wasio na cheti cha uuguzi msaidizi watapunguzwa. Lilisemwa kwa upole sana neno hilo, kupunguzwa, kana kwamba wanaozungumziwa ni matawi ya mti. Nafasi ya kupata cheti ilikuwa moja: mtihani wa maandishi na wa vitendo, watahini watoke mkoani. Atakayeshinda anabaki. Atakayeshindwa anarudi kulima, na mwaka ule kulima kwenyewe kulikuwa habari nyingine.

Kitabu hakikuwa rafiki wa Masele. Sista Apolonia aliwafundisha Jumamosi barazani, na nusu ya maneno yalikuwa ya Kiingereza, yanateleza kama sabuni. Masele aliyakariri kwa mdundo wa nyimbo za kulimia. Alipokuwa akipiga deki ungemsikia akiimba mifupa ya mkono. Kupiga sindano walijifunzia kwenye kiazi kitamu, kwa sababu, Sista alisema, kiazi kina ngozi na nyama kama paja la mtu. Masele alirudi nyumbani na viazi vyake vilivyotobolewa na kujazwa maji, mkewe akavichemsha, hata watoto wakawa na desturi ya kuuliza kabla ya kula kama kiazi hiki kimeshapona.

Kuogesha alijifunzia kwa mkewe. Jumapili baada ya ibada Violeth alijilaza kitandani, shuka likatundikwa kwenye kamba kuwa pazia, Masele akaingia na beseni. Violeth alikuwa mgonjwa msumbufu. Alidai chai. Aliuliza kama hospitali hii haina nesi mwenye mikono laini. Siku moja aliguna kwa ufundi mkubwa mno, jirani akaja mbio na pole mkononi, kibakuli cha karanga. Walicheka mpaka kitanda kikalia. Lakini kazi ilifanyika. Masele alijua kuanza na macho kwa maji matupu, kutoka puani kwenda sikioni, kila jicho kona yake ya kitambaa. Alijua kufunua mkono mmoja na kuacha mwili wote umefunikwa, kuosha, kukausha, kufunika, ndipo ahamie mwingine. Alijua kubadili maji kabla ya kushuka chini. Katika mtihani mzima hapakuwa na kitu alichokijua kama hicho, na asubuhi ile, kabla ya kutoka nyumbani, alikuwa amemwomba Mungu ampe hicho hicho.

Jambo la kuchekesha, kama mtu anataka kucheka, ni kwamba pale Mwakilangi hakuna aliyekumbuka ni lini muuguzi alimwogesha mgonjwa kitandani. Sabuni ilikwisha zamani na mataulo yakageuka matambara ya deki. Mgonjwa aliogeshwa na ndugu yake. Ndugu ndiye aliyepika, aliyefua, aliyeleta glovu na mafuta ya taa ya kuwashia jiko la kuchemshia sindano. Hata hivyo mtihani ulikuwa na sabuni. Ilikuja kutoka mkoani ndani ya sanduku la bati, mche mpya wenye harufu ya waridi, pamoja na mataulo meupe mawili, na vyote vilikuwa vimepigwa muhuri kuonyesha kwamba lazima virudi.

Na wagonjwa wenyewe walikwenda wapi? Walikuwepo, vijijini mwao. Tangu ilipotangazwa kwamba kila mtu atachangia gharama za huduma, vitanda vya Mwakilangi vilianza kupumua kimoja kimoja. Kwanza waliondoka wenye vidonda vya muda mrefu, kisha wazee, kisha hata mama wajawazito wakaanza kuja wakiwa wamechelewa au wasije kabisa. Watu walirudi kwa waganga wao wa mizizi, ambao angalau walikubali kuku. Wodi ya wanawake, iliyowahi kulaza wawili wawili kwa kitanda, sasa ungeweza kuanikia mpunga.

Mama mkwe wa Masele alilazwa humo kwa sababu moja tu. Ghala la chama cha msingi kijijini kwao lilifungwa, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao wakaketi barabarani, mbali, kule njia ya Lamadi, na anayetaka kuuza pamba aifuate mizani. Mama yule, mjane, alipakia pamba yake kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mwenyewe akaketi juu ya marobota. Kwenye korongo gurudumu likazama, marobota yakaporomoka, yeye akaporomoka nayo. Nyonga ikavunjika. Aliletwa Mwakilangi kwa mkokoteni ule ule, na pamba ikachukuliwa na aliyeiokota.

Masele ndiye aliyemtafutia kitanda. Alikwenda kwa Sista Apolonia, akapiga magoti kabisa, akaomba mgonjwa asamehewe uchangiaji kwa kuwa ni mzazi wa mtumishi. Sista akaenda kwa mganga mfawidhi, mganga mfawidhi akanuna, kisha akakubali kwa sharti kwamba ni kwa muda wote Masele atakapokuwa mtumishi. Mguu wa mama ukafungwa kamba yenye kifuko cha mchanga kikining'inia mwisho wa kitanda, akaambiwa alale chali, asigeuke, mpaka mfupa ushike. Masele alitembea wiki nzima kifua mbele. Watu waliwatoa mama zao hospitali, yeye alimwingiza wake.

Ila tangu siku hiyo hakukanyaga wodi ya wanawake. Alibadilishana zamu na wenzake bila kuulizwa sababu, maana wote walikuwa watu wa huko huko na waliijua. Mwanamume na mama wa mkewe hawashikani mikono. Hawatazamani usoni. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Kumtaja jina ndiyo kabisa. Masele hajawahi hata kulitamka peke yake chooni. Katika miaka yote ya ndoa yake alikuwa ameuona mgongo wa mama yule mara nyingi kuliko uso wake. Alipotaka kumjulia hali alisimama nje, chini ya dirisha la wodi, Violeth akiwa ndani.

"Mwangaluka," Masele aliuamkia ukuta. "Mwambie mama, tunauliza mguu umeamkaje."

"Mwambie mhola tu, ni salama," sauti ya ndani ilimwambia Violeth, ingawa wote watatu walikuwa wanasikiana vizuri. "Mwambie na uji ulikuwa mzuri."

Walikuwa wanapendana hivyo, kwa kupitia ukuta. Hapakuwa na njia nyingine ya kupendana.

Sasa kuhusu kofia. Kabla ya Masele alitangulia Martha, binti mpole wa mjini Bariadi aliyeajiriwa juzi juzi, mpwa wa mganga mfawidhi. Martha alitoa kikaratasi, akakisoma, akamtazama mjomba wake. Mjomba akanyoosha shingo, akasema kinaonekana kama kimelowa na wino umetawanyika. Mtahini, Bwana Constantine, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, alitabasamu, akakirudisha kikaratasi kwenye kofia, akaitikisa, akampa binti achague tena. Safari hii akapata kupima joto la mwili. Watu wote waliona. Masele pia aliona, na akawaza jinsi mtahini yule alivyo mtu wa huruma.

Mtahini huyo wa huruma ndiye ambaye Masele alimwendea sasa, akamkuta bado na kofia mkononi, wenzake wote wakiwa wamemaliza kuchagua.

Masele alianza kwa mbali, kama ilivyo adabu. Alisema anashukuru kwa kura yake. Alisema kuogesha anakujua sana, hata usiku wa manane aamshwe ataogesha. Ila kuna kajambo kadogo. Mgonjwa mwenyewe, yule aliyemo wodini, wao wana uhusiano. Bwana Constantine akauliza uhusiano gani. Masele akasema ni mzazi wa mke wake. Bwana Constantine akasema vizuri sana, basi hatamwogopa.

Hakuwa mtu wa huku, na uso wake ulionyesha kwamba hakusema kwa ubaya. Masele akageuka kumtafuta Sista Apolonia kwa macho. Sista akaeleza, kwa Kiswahili cha ofisini, kwamba kwa mila za eneo hili mkwe haguswi, na kwamba Marcelo amepata kufunga bandeji na yuko tayari kubadilishana naye, kwa hiyo hakuna kitakachoharibika.

"Mimi si mkwe wake," Marcelo alisema. "Mimi nitamwogesha kama mama yangu."

Bwana Constantine aliivaa kofia yake. Ikawa ndiyo jibu la kwanza. La pili alilitoa kwa kubembeleza. Alisema anaziheshimu mila, hata kwao zipo. Lakini mtihani huu una wafadhili wake, na wafadhili wanataka viwango. Leo tukibadilisha kwa ajili ya mkwe, kesho kwenye kituo cha Nyashimo mtu atasema mgonjwa ni shemeji, keshokutwa atasema ni adui wa babu yake. Na gari lazima lifike Nyashimo kabla ya saa sita, nalo lina mafuta ya kufika huko na si zaidi.

"Kura ni kura, ndugu yangu," alimaliza.

Marcelo akasema kwa chini, lakini si chini ya kutosha, kwamba kuna kura nyingine asubuhi hii zililowa. Martha akainamisha kichwa. Mganga mfawidhi, ambaye muda wote alikuwa anasoma tangazo la chanjo ukutani, akauliza bila kugeuka kama kuna mhudumu anayetaka kutolewa kwenye orodha ya watahiniwa, maana hilo linaweza kufanyika sasa hivi na kwa kalamu yake mwenyewe. Hakuna aliyetaka. Marcelo akarudi nyuma, akasimama nyuma ya nguzo.

"Una nusu saa ya kujiandaa," Bwana Constantine alimwambia Masele. "Ukiona huwezi, niambie tu, nitaandika hujahudhuria. Siyo aibu."

Masele alizunguka nyuma ya wodi. Violeth alikuwa kwenye mafiga, anakoroga uji wa mama yake, na alipouona uso wa mumewe aliuliza ni mtihani gani umemtia majivu namna hiyo. Akamweleza. Violeth alitoa mwiko kwenye sufuria, akaukung'uta, akauweka juu ya jiwe, akaingia wodini. Masele akabaki chini ya dirisha, mahali pake pa siku zote.

Waliongea Kisukuma, na mwanzoni Violeth alizunguka sana. Mama akamkatisha.

"Akikataa?"

"Anakosa cheti, mayu."

"Akikosa?"

"Anaachishwa. Tunarudi kijijini na watoto. Na wewe..." Violeth alishusha sauti. "Kitanda chako kimeshikiliwa na kazi yake."

Masele aliusikia uji ukianza kuungua, hakuthubutu kwenda kuuepua. Alitamani mama yule akatae. Akikataa yeye, mambo yatakuwa yamekwisha bila mtu kuwa na kosa. Atakwenda kwa mtahini aseme mgonjwa amekataa, na kule kijijini hakuna atakayemlaumu. Watakufa njaa kwa heshima. Aliwaza hivyo, akawakumbuka watoto na viazi vyao, na akatamani pia akubali.

"Mfupa wenyewe unashika?" mama aliuliza.

"Sista anasema umeanza."

"Nikitolewa sasa?"

Kwa mkokoteni, kwenye korongo lile lile, jibu lilijulikana.

"Nipe kanga yako," mama alisema mwishowe. "Nifunike uso, unifunge na huku nyuma nisionekane hata nywele. Kisha mwambie aje. Lakini umwambie vizuri: mimi kitandani humo simo. Atakachokikuta ni mwili tu wa mtu. Mimi nimekwenda kwa dada yangu, kule Ngulyati."

Violeth akatoka akamweleza mumewe maneno hayo moja moja, kana kwamba hakuyasikia. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu kwa moshi. Kisha akainama, akaepua sufuria, akaanza kukwangua ukoko.

Basi Masele akaingia. Pazia la kukunja, lenye miguu ya chuma na kitambaa chenye viraka, lilikuwa limeshawekwa kuzunguka kitanda. Ndani yake alisimama Bwana Constantine na ubao wenye fomu, na pembeni Sista Apolonia. Juu ya meza palikuwa na beseni, maji ya moto na ya baridi, sabuni ya waridi, mataulo meupe. Kitandani palikuwa na mwili mwembamba chini ya shuka, mguu mmoja umevutwa na kifuko cha mchanga, na mahali pa kichwa palikuwa na kanga ya rangi ya chungwa iliyofungwa kama kifurushi cha sokoni. Kifurushi kilikuwa kinapumua.

"Anza," mtahini alisema.

Masele alichanganya maji, akayapima kwa kiwiko. Akasema, akiutazama mguu wa kitanda, kwamba amekuja kuogesha, na maji yana joto la kutosha. Bwana Constantine aliandika kitu. Masele alinyoosha mkono kuelekea usoni, ndiko hatua zinakoanzia, akakutana na kanga. Alisimama. Sista Apolonia akasema haraka kwamba mgonjwa ana baridi ya kichwa. Mtahini akamtazama Sista, akatazama saa, akaruhusu uso upite.

Mkono wa kwanza ulikuwa mzito kuliko jeneza lolote alilowahi kubeba. Alipoushika, mwili wote ulikakamaa chini ya shuka, na wa Masele ukakakamaa vile vile, wakawa kama vipande viwili vya mti vinavyosuguana. Ngozi ilikuwa ya mtu aliyelima maisha yake yote. Kwenye kiganja palikuwa na sugu za mpini, na katikati ya vidole palikuwa na makovu madogo ya maganda ya pamba. Masele aliosha. Alikausha. Alifunika. Alihamia mkono wa pili. Kwa mkewe nyumbani alikuwa anaimba hatua kimoyomoyo, na sasa alijaribu kuimba, wimbo ukakataa kuja. Ila mikono ilijua. Ilifanya kazi peke yake kama ng'ombe wa plau anayejua mwisho wa tuta, na Masele akaiacha ifanye, akayainua macho yake kwenye dari na kuyaacha huko.

"Tazama unachokifanya, ndugu," mtahini alisema.

Akayashusha. Akaosha kifua. Akaosha tumbo lililomzaa mkewe. Shuka lilishuka na kupanda kwa vipimo, hakufunua zaidi ya inavyotakiwa, na kanga ilipumua haraka haraka bila sauti. Alibadilisha maji. Aliosha mguu mzima, kisha mguu uliofungwa kamba, akiukwepa ule mfuko wa mchanga usiyumbe. Alipofika mahali ambapo fomu ilisema mgonjwa aoshwe sehemu za siri au apewe kitambaa ajioshe mwenyewe, alikiweka kitambaa kwenye ule mkono wenye sugu, akageuka akatazama pazia. Mkono haukusogea. Maji yalidondoka kutoka kwenye kitambaa, yakapenya godoro. Baada ya muda mkono ukasogea.

Walipomaliza Masele alikuwa amelowa kuliko mgonjwa. Violeth aliitwa, akaingia bila kumtazama mtu, akabeba beseni, akamwaga maji nje ya dirisha, pale pale ambapo mumewe husimama. Kuku wa kituo wakakimbilia, wakaonja, wakaikimbia ile sabuni.

Bwana Constantine alipitisha kalamu kwenye fomu yake, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema ameona watahiniwa wengi msimu huu lakini kazi safi namna hii, hasa kufunika, ni chache. Masele alitaka kukaa, ila kwenye wodi mhudumu hakai.

"Tatizo liko hapa juu," mtahini aliendelea. "Hatua ya kwanza. Mtahiniwa amsalimie mgonjwa kwa kumwita jina, amweleze anachokuja kufanya. Kueleza umeeleza. Jina hukutaja. Na hii yenye nyota ni ya lazima, ikikosekana hizi nyingine hazina alama."

Akaishikilia kalamu juu ya ile nyota.

"Sijakuandikia bado," alisema. "Wewe taja tu. Sasa hivi, kwa kinywa chako, nisikie. Mimi si mtu mbaya."

Masele alifungua mdomo. Jina alilijua, lilikuwa limeandikwa kwa chaki kichwani mwa kitanda, herufi kubwa, Nyanjige, kila aingiaye alisome. Alilitazama. Ulimi ulipanda mpaka kwenye kaakaa, ukabaki huko. Alijaribu kumfikiria mtu mwingine mwenye jina hilo. Alijaribu kufikiri kwamba kitandani hamna mtu, kwamba mwenyewe yuko Ngulyati kwa dada yake. Lakini mtu ambaye hayupo haitwi jina, na akiitwa atakuwa amerudi, na atakuwa amerudi akiwa uchi, na mkwewe amesimama juu yake na sabuni mkononi. Akaufunga mdomo.

Sista Apolonia alisogea mbele. Alisema, na safari hii hakusema kwa Kiswahili cha ofisini, kwamba mtu huyu ameshafanya jambo ambalo katika nchi hii yote ya Wasukuma hakuna mwanamume aliyeambiwa alifanye, na amelifanya sawasawa, na mtahini amekiri mwenyewe. Jina ni la nini tena? Mgonjwa anajua anaitwaje. Kwani hajaoga?

"Ameoga, Sista. Lakini lazima tuelewane," Bwana Constantine alijibu kwa ile sauti yake ya kubembeleza, kalamu imeshagusa karatasi. "Hatua hii haikuwekwa kwa kumkomoa mtu. Mgonjwa si gogo. Ana haki ya kuheshimiwa, na heshima yenyewe inaanzia kwenye kumwita kwa jina lake. Ndivyo tulivyoelekezwa kwenye semina, na mimi naliamini hilo kwa moyo wangu. Tukiiacha hatua hii, tutakuwa tumemvunjia heshima huyu mama."

Mkono wenye sugu ulitoka chini ya shuka, ukaishika kanga, ukaivuta. Uso uliotokea ulikuwa wa mtu mzee kuliko Masele alivyowahi kudhania kwa kuuona mgongo wake, na ulimtazama mtahini peke yake. Masele aliruka akageukia pazia. Hakuna aliyejua kwamba mama yule anaongea Kiswahili. Alikuwa amejifunza kwenye mikutano ya pamba, na alikisema polepole, kila neno aliliweka kama jiwe la kupimia kwenye mizani.

"Heshima yangu mmeshaimwaga dirishani na maji, bwana mkubwa. Sasa mnataka na jina?"